Rangi ya Kahawia Si Jina la Virusi

Hotuba hii ilitolewa katika ukumbi wa Tononoka, Mombasa, mbele ya madaktari wa meno, maafisa wa kliniki, wauguzi, wataalamu wa maabara na wahamasishaji wa afya ya jamii kutoka sehemu mbalimbali za Pwani. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote. Naomba ihesabiwe kwamba itifaki imezingatiwa, maana muda ni mchache na jambo lenyewe ni zito.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutia tishu rangi ili tutambue yale mabadiliko ya kinywani yanayoletwa na virusi, ambayo yakiachwa yanaweza kugeuka saratani. Najua wako kati yenu wanaodhani hili ni la watu wa maabara, na kwamba wao wamekuja kutusindikiza tu. Sivyo, ndugu zangu. Kazi ya rangi huanza kwa mama wa Majengo anayemwambia jirani yake, "Hilo doa la ulimini limekaa mno, nenda ukaonyeshe." Kisha hufika kwa daktari wa meno anayekata kipande. Kisha kwa anayekitia chupani, na anayejaza fomu, na anayekibeba. Mimi msoma vioo, ninayetazama tishu kwa hadubini, huja mwisho kabisa. Nikikuta walionitangulia wameharibu, hakuna rangi duniani itakayotengeneza.

Leo nina swali moja, na nitalirudia: kipande hiki tunakiuliza nini? Nalirudia kwa sababu rangi hujibu lile uliloiuliza, haijibu jingine. Tukiuliza vibaya tutajibiwa vilevile, tena kwa rangi ya kupendeza macho, na mgonjwa apotezwe na jibu hilo.

Tuanze na rangi ya kwanza, ile inayotumika kila siku.

Kipande cha utando wa kinywa hukatwa chembamba sana, unene wa mikroni 4 hivi. Vipande kama hivyo 250 vikipangwa kimoja juu ya kingine ndipo vifike milimita moja. Ukikitazama kwenye hadubini bila rangi huoni kitu cha maana. Mwanga unapita tu. Ndiyo maana tunatia hematoksilini na eosini. Hematoksilini inatoka ndani ya gogo la mti unaoota Campeche na Yucatan, huko Mexico. Wahispania na Waingereza waligombania magogo hayo miaka mingi kwa ajili ya kutia nguo rangi, na wakata magogo hao ndio waliofungua makazi yaliyokuja kuwa nchi ya Belize. Rangi hiyo peke yake haishiki vizuri kwenye tishu. Mwaka 1865 Mjerumani aitwaye Böhmer aliichanganya na shabu, jiwe hili hili linalouzwa Marikiti, na tangu hapo viini vya seli vikaanza kuonekana vya buluu iliyoiva. Eosini ikaja baadaye kidogo, ikatia waridi sehemu zilizobaki. Ni zaidi ya miaka 140 sasa, na hadi leo hakuna utambuzi wa saratani ya kinywa unaoanza mahali pengine.

Mama zangu mliomo humu mnaijua hina. Kiganjani hukolea ikaiva, mgongoni mwa mkono hubaki hafifu. Hina ni ile ile moja. Ngozi ndiyo inayoipokea kila mahali kivyake. Basi na tishu ni hivyo. Sisi hatupaki viini buluu kwa brashi. Viini vyenyewe ndivyo vinavyoishika rangi, kwa sababu ya vilivyo navyo ndani. Kwa hiyo kila nikionacho ni tabia ya seli yenyewe.

Na seli nzuri ina tabia gani? Katika utando wenye afya, seli za chini kabisa ni ndogo, viini vyake vimekolea, na ndizo zinazogawanyika. Kadiri zinavyopanda juu hupanuka, hukomaa, hulala bapa, kisha hubanduka na mate. Kila moja inajua zamu yake. Katika displasia utaratibu huo umevurugika: viini vikubwa visivyolingana, seli zinazogawanyika mahali pasipo pake, vijana wa chini wamepanda juu bila kukomaa. Vurugu ikiishia theluthi ya chini tunasema ni hafifu, ikifika katikati ni ya wastani, ikipanda hadi theluthi ya juu ni kali. Hiyo si saratani bado, kwa kuwa seli hazijavunja mpaka wa chini na kuingia ndani. Lakini tunaijua njia inakoelekea.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Displasia inayoendeshwa na virusi mara nyingi hujitokeza kwenye rangi hii hii ya kwanza, kabla hujatumia shilingi hata moja ya ziada. Vurugu inachukua unene wote wa utando, na katikati yake unaona seli nyingi zilizokufa, viini vimepasuka vipande vipande. Nyingine zina umbo ambalo ukitazama haraka utasema zinagawanyika, kumbe zinakufa. Aliyezoea kuona vioo akikutana na picha hiyo husimama hapo. Hapo ndipo swali la pili linapopata haki ya kuulizwa.

Nawaambia hili kwa sababu nimesikia watu wakisema, "Sisi hatuna rangi za kingamwili za kisasa, basi hatuwezi kitu." Mnaweza! Displasia kali ni displasia kali, iwe imeletwa na virusi au na tumbaku. Lazima iondolewe, na mwenye nayo lazima afuatiliwe. Daktari, ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, itie katika kipande kizuri na rangi ya kwanza iliyotiwa vizuri. Msimamo wangu ni huo, na sioni aibu kuutetea mbele ya mtu yeyote anayeuza mashine.

Haya, swali la pili. Rangi ya kahawia.

Virusi tunavyovizungumzia ni HPV, virusi vya papiloma. Viko vya aina zaidi ya 200. Vingi havina madhara makubwa. Namba 6 na 11 huleta vinyama na sugu. Vinavyotutia wasiwasi ni vichache, na namba 16 ndiyo inayoongoza. Katika displasia ya kinywa, namba 33 nayo huonekana. Virusi hivi vina protini mbili mbaya, E6 na E7. E6 huvunja protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye kasoro ijirekebishe au ife. E7 huvunja nyingine iitwayo Rb, ambayo huizuia seli isigawanyike ovyo. Seli ikiona inagawanyika bila kizuizi, hutoa protini yake ya kujizuia, p16. Lakini p16 hufanya kazi kwa kupitia Rb, na Rb imeshavunjwa. Basi seli inaendelea kutoa p16, inatoa, inatoa, na haisikilizwi. p16 inarundikana mpaka inajaa seli nzima.

Ndipo sisi tunapokuja na kingamwili iliyotengenezwa ishike p16 peke yake, tukaiambatanisha na kemikali inayogeuka kahawia. Penye p16 nyingi, pana kahawia nyingi. Mmeona? Hatujaviona virusi. Tumeona seli inavyolalamika.

Nitawasimulia juu ya dereva mmoja wa malori, mtu wa miaka hamsini na kitu, anayepiga safari za kwenda Malaba. Hajawahi kuvuta sigara, hajui tambuu wala ugoro. Alikuwa na baka jeupe ubavuni mwa ulimi, chini chini, halimuumi. Daktari wa meno aliliona alipokuja kung'olewa gego. Hakumwambia "tutazame tazame." Alimpa wiki mbili, akasawazisha jino lililokuwa na ncha kali upande ule, baka likabaki lilivyo, akakata kipande. Rangi ya kwanza ikaonyesha displasia kali yenye zile seli zilizokufa. Tukaomba p16. Ikaja kahawia nzito, kwenye kiini na nje ya kiini, kutoka chini ya utando hadi juu, bila kuacha nafasi, na ilipokoma ilikoma ghafla penye utando mzima. Tukaenda hatua moja zaidi, nitaieleza baada ya muda mfupi, nayo ikathibitisha. Mwanamume, umri wa makamo, ubavuni au chini ya ulimi au sakafuni mwa kinywa: hiyo ndiyo sura ya kawaida ya ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la tano la uainishaji wa uvimbe wa kichwa na shingo la mwaka 2022, linautambua kama aina yake peke yake ya displasia. Dereva yule alikatwa baka lote pamoja na ukingo wa utando mzuri, na anaendelea kuja kuangaliwa.

Kisa hicho kilikwenda sawa. Kuna kingine.

Kuna bibi wa Mji wa Kale, mtu anayeheshimiwa mtaani kwake, ambaye amekula tambuu tangu ujana wake, popoo, chokaa na tumbaku yake. Alitoka baka lenye weupe na wekundu ndani ya shavu, upande ule ule anaoweka tambuu. Kipande kikakatwa, kikapelekwa mahali, sitapataja. Jibu likarudi kwamba p16 ina kahawia, kwa hiyo ugonjwa umetokana na HPV. Sentensi moja tu. Mnajua sentensi ile ilifanya nini? Kwanza, mtu mmoja nyumbani alikwenda kusoma HPV ni nini, akasoma kwamba huambukizwa kwa ngono, na kimya kikaingia katika nyumba ile. Wajukuu wakakatazwa kunywa katika kikombe chake. Pili, na hili ndilo lililonikera zaidi, bibi akasema, "Alhamdulillahi, kumbe si tambuu," akaendelea kutafuna.

Vioo vilipoletwa kwetu, kahawia ilikuwepo kweli. Lakini ilikuwa hapa imo, pale haimo, hapa hafifu, pale nzito. Rangi ya kwanza haikuwa na zile seli zilizokufa. Tulipouliza swali la tatu, virusi havikuwepo. p16 inaweza kupanda kwa njia nyingine, Rb ikiharibika kwa sababu zake bila mkono wa virusi. Bibi alikuwa na displasia ya tambuu. Popoo, nawakumbusha, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika uainishaji uliochapishwa mwaka 2004, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka yoyote, hata bila kuchanganywa na tumbaku.

Basi kipande cha bibi kiliulizwa nini? Kiliulizwa, "Una p16 nyingi?" Kikajibu, "Ninayo kiasi." Mwandishi wa ripoti akaandika jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Kuna watakaosema, "Lakini vitabuni p16 inatosha." Inategemea ni wapi kinywani. Nyuma kule, kwenye mafindofindo na shina la ulimi, HPV ni chanzo kikubwa cha saratani, hasa Ulaya na Marekani. Huko mwongozo wa kimataifa unakubali p16 iwe ushahidi wa virusi ikiwa asilimia 70 ya seli za saratani au zaidi zimeishika kwa nguvu. Na hata huko, utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 7,600, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila kumi waliokuwa na p16 hakuwa na virusi. Na watu hao hawakuishi kama wale waliokuwa na vyote viwili. Sasa njoo huku mbele: mashavu, fizi, ulimi wenyewe, sakafu ya kinywa. Huku chanzo kikuu ni tumbaku, pombe na popoo, na wenye virusi ni wachache. Wenye virusi wakiwa wachache, kahawia ya bahati mbaya huwa na uzito mkubwa zaidi wa kupotosha. Ile asilimia 70 ya kule nyuma haikutengenezwa kwa ajili ya huku.

Swali la tatu, basi. Nalo si "virusi vipo?" Tafadhali lisikilizeni vizuri. Swali ni "virusi vinafanya kazi?"

Mwaka 1951, katika hospitali moja ya Baltimore, Marekani, alitibiwa mama mwenye watoto watano, Henrietta Lacks. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kipande chake kilichukuliwa kikapelekwa kwenye utafiti bila yeye kuulizwa. Alifariki Oktoba mwaka huo huo akiwa na miaka 31. Seli zake hazikufa. Zinakuzwa hadi leo katika maabara za dunia nzima, na zimesaidia kazi nyingi mno, ikiwemo ya chanjo ya polio. Zaidi ya miaka 30 baadaye, kundi la Harald zur Hausen wa Ujerumani, yule aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008, liligundua HPV namba 18 na kuikuta ndani ya seli hizo. Na baadaye watafiti walipozizima E6 na E7 ndani yake, seli ambazo zilikuwa zikigawanyika kwa miongo mingi zikaacha kugawanyika. Miongo mingi! Zilikuwa bado zinaendeshwa na protini mbili zile zile.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisayansi: kinachomuumiza mtu ni virusi vinavyotoa E6 na E7. Kinywa ni njia ya kila kitu, na kipimo kikali cha kukuza vinasaba kinaweza kuokota chembe ya virusi vilivyokuwa vinapita tu, havina habari na displasia iliyo jirani. Ndiyo maana rangi tunayoiamini zaidi kwa kazi hii ni ile inayotafuta ujumbe wa RNA, yaani maagizo ya kutengeneza protini, wa E6 na E7 papo hapo ndani ya tishu. Ukiona vitone vyake ndani ya seli zile zile zilizovurugika, umeona virusi kazini, mahali penyewe. Kipimo hicho ni ghali, na maabara nyingi hazina. Mara nyingi bloku ya nta iliyobeba kipande hupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Kwa hiyo hatukiombi kwa kila mtu. Tunakiomba rangi ya kwanza ikituita, na p16 ikiitikia.

Sababu ya pili haihitaji hadubini. Kipande ni cha mtu. Mweleze unachokata, kinakwenda wapi, na kitaulizwa nini. Henrietta Lacks hakuelezwa, na jamaa zake wamekaa na jeraha hilo miaka mingi.

Nipite haraka kwenye virusi vingine, maana vinatuchanganya. Kuna weupe unaotokea ubavuni mwa ulimi, una mistari ya wima yenye mikunjo, haukwanguki. Mwenye macho ya haraka atasema ni hatari ya saratani. Mara nyingi chanzo ni virusi vya Epstein-Barr, na weupe huo haugeuki saratani. Ulielezwa mara ya kwanza San Francisco mwaka 1984, mwanzoni mwa janga la UKIMWI. Tunao uwezo wa kuitia rangi RNA ya virusi hivyo pia, ikajaa kwenye viini vya seli za juu. Lakini habari kubwa katika weupe ule ni kwamba kinga ya mwili huenda imeshuka. Kijana mmoja alipelekwa kwa mpasuaji, kumbe alichohitaji ni kupimwa VVU na kuanzishiwa dawa. Alipoanza dawa ulimi wake ukasafika wenyewe. Vinyama vidogo laini vingi midomoni mwa watoto, vya HPV namba 13 na 32, navyo si saratani wala si njia ya kwenda huko. Msiwatishe wazazi.

Nirudi kwenye chupa. Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi zaidi wanapopotea.

Alikuja mvuvi, mwenyeji wa kusini ya kivuko. Alikuwa amekatwa kipande katika kituo kimoja cha afya, na kipande kikaletwa ndani ya kichupa cha dawa ya macho kilichooshwa, kimeogelea katika maji ya chumvi, siku ya tatu. Fomu ilisema "kidonda mdomoni." Basi. Tishu ikitoka mwilini huanza kujila yenyewe ndani ya saa chache. Nilichokiona kwenye kioo ni vivuli vya seli. Ile RNA niliyowaeleza ni ya kwanza kuoza. Tulituma ujumbe mvuvi akatwe tena. Wakati huo upepo ulikuwa mzuri na samaki wapo, alikwenda baharini. Aliporudi kwetu hapakuwa tena na swali la displasia. Ilikuwa imeshavunja mpaka.

Kwa hiyo, wapendwa, fomalini. Fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wake angalau mara kumi ya kipande, na kipande kitumbukizwe papo hapo, si baada ya chai. Kikae humo baina ya saa 6 na saa 72. Spiriti si fomalini. Maji ya chumvi si fomalini. Kipande chembamba kitandazwe kwanza juu ya kijikaratasi, upande wa jeraha chini, kisijikunje, maana kikijikunja tunakikata mshazari na kila kitu kitaonekana kimevurugika hata kama ni kizima. Msikichome kwa umeme; pambizo zilizoungua hushika rangi hovyo. Msikibane kwa koleo.

Na mkate wapi? Kateni penye wekundu, penye chembechembe, penye ugumu, pamoja na kidogo cha utando mzuri wa pembeni, ili tuone mpaka. Baka likiwa kubwa na hujui uanzie wapi, rangi ya toluidini ya buluu inayopakwa kinywani inaweza kukuelekeza, kwa sababu hushika zaidi penye seli zenye vinasaba vingi. Lakini hushika pia penye uvimbe wa kawaida. Itumieni kuchagua mahali pa kukata. Msiitumie kumwambia mtu ana saratani, wala kumwambia hana.

Fomu nayo. Niandikieni umri. Niandikieni ni wapi hasa: ubavu wa ulimi kulia ni habari, "mdomoni" si habari. Niandikieni limekaa muda gani, na kama lina wekundu. Niandikieni sigara, ugoro, tambuu, miraa, muguka, pombe. Niandikieni kama ni mtu anayeishi na VVU, kwa kuwa kinga ikishuka HPV hudumu zaidi. Bila hayo mimi nasoma kioo kisicho na mwenyewe.

Mwisho kabisa, mke wa yule dereva. Aliingia chumbani baada ya mumewe kutoka kwenda kulipa, akafunga mlango, akaniuliza, "Daktari, ameyatoa wapi?" Ninyi wauguzi na wahamasishaji mtaulizwa swali hili kabla yetu, tena jikoni, tena usiku. Semeni kweli. HPV huambukizwa kwa kugusana, zaidi kwa ngono, ikiwemo ya mdomo. Ni virusi vilivyoenea mno. Watu wazima wengi hupata aina moja au nyingine katika maisha yao, na wengi mwili wao huviondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua. Kwa wachache hubaki, na vinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuleta mabadiliko. Kwa hiyo hakuna rangi yoyote, ya buluu, ya waridi wala ya kahawia, inayoweza kusema viliingia lini, wala kutoka kwa nani. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba havikai kwenye kikombe cha chai vikamrukia mjukuu, na kwamba yeye mwenyewe aendelee kupimwa mlango wa kizazi kama wanawake wote wanavyotakiwa. Alikaa kidogo, kisha akauliza mumewe ale nini wakati kidonda kinapona.

Akina mama, chanjo mnaijua. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Iliwekwa kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini namba 16 inayozuiwa na chanjo hiyo ndiyo hii hii tunayoikuta ulimini na kwenye mafindofindo. Binti wa mtaani kwako aliyefika umri na hajachanjwa, mpeleke.

Wataalamu wa maabara wamekuja na chupa zenye fomalini na fomu mpya. Ziko mezani pale mlangoni, kila kituo kichukue. Atakayeishiwa apige simu kabla ya kukata, asisubiri akishakata. Sasa nayapokea maswali. Namwona dada wa Kisauni ameinua mkono tangu nilipoitaja tambuu. Karibu, mama.